Kilomita Ngapi kwa Lita? Namna ya Kuzisoma Takwimu za Ulaji wa Mafuta wa Magari

Mwezi Septemba 2003 kampuni ya Toyota ilianza kuuza nchini Japani toleo la pili la gari lake liitwalo Prius, ambalo ni gari la mseto, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Matangazo ya Japani yalieleza kwamba gari hilo lina uwezo wa kwenda kilomita 35.5 kwa lita moja ya petroli. Lilipofika Ulaya, karatasi zake zilisema kuwa linatumia lita 4.3 kwa kila kilomita 100. Mnunuzi wa Uingereza aliambiwa maili 65.7 kwa galoni. Huko Marekani kibandiko cha dirishani kilikuwa na namba mbili: maili 60 kwa galoni katika mwendo wa mjini, na maili 51 katika barabara kuu. Miaka michache baadaye namba hizo za Marekani zilishushwa zikawa 48 na 45, ingawa hakuna hata msumari mmoja uliobadilishwa katika magari yaliyokwisha kuuzwa.

Gari ni lile lile, na petroli karibu ni ile ile. Hata hivyo, namba hizo haziwezi kuwekwa bega kwa bega zikalinganishwa. Wala hakuna hata mmoja kati ya watangazaji hao aliyesema uongo. Tofauti hizo zina vyanzo viwili vilivyo mbalimbali kabisa: cha kwanza ni vipimo vinavyotumika kuandika jibu, na cha pili ni jaribio lililotoa jibu lenyewe. Chanzo cha kwanza humalizwa kwa hesabu za kidato cha kwanza. Cha pili chahitaji maelezo marefu zaidi, na ndicho ambacho humgharimu mnunuzi fedha. Kwa nchi kama Tanzania na Kenya, ambazo huagiza petroli yao yote kutoka nje, jambo hili halimhusu mwenye gari peke yake.

Galoni mbili zenye jina moja

Galoni ya Marekani ina lita 3.785. Galoni ya Uingereza ina lita 4.546, yaani imeizidi ile ya Marekani kwa moja ya tano. Maili moja ni kilomita 1.609 katika nchi zote mbili. Kutokana na hayo, maili moja kwa galoni ya Marekani ni sawa na kilomita 0.425 kwa lita, na maili moja kwa galoni ya Uingereza ni sawa na kilomita 0.354 kwa lita. Anayesoma gazeti la London na jarida la New York siku moja bila kujua hili atadhani kwamba Waingereza wamebarikiwa magari yasiyokula mafuta.

Kipimo cha Ulaya bara kimegeuzwa. Hakiulizi gari litakwenda umbali gani kwa lita moja, bali huuliza lita ngapi zitakwisha katika umbali maalumu, ambao ni kilomita 100. Kugeuza ni rahisi: namba 100 hugawanywa kwa kilomita kwa lita, na jibu ni lita kwa kilomita 100. Kwa kuwa vipimo hivi viwili ni kinyume cha kila kimoja, katika kimoja namba kubwa ndiyo njema, na katika kingine namba ndogo ndiyo njema.

Namba za Prius zikigeuzwa kuwa kilomita kwa lita, Ulaya bara na Uingereza hupata 23.3 zote mbili, kwa sababu jaribio lao lilikuwa moja. Marekani, ambako namba ya mjini na ya barabara kuu huunganishwa kuwa moja, walitangaza maili 55 kwa galoni, yaani kilomita 23.4. Baada ya masahihisho, hiyo iliyounganishwa ikawa maili 46, sawa na kilomita 19.6. Japani bado iko peke yake kule juu na 35.5 yake.

Mtu atakayeamini namba ya Japani atatarajia kutumia lita 282 katika kilomita 10,000. Atakayeamini namba ya mwisho ya Marekani atatenga fedha za lita 511. Pengo hilo la lita 229 haliondolewi na hesabu yoyote ya galoni.

Gari linalokwenda bila kuondoka

Watu wengi hudhani kwamba mtengenezaji hujaza tangi, hulipeleka gari barabarani, kisha hupima mafuta yaliyobaki. Sivyo. Jaribio hufanyika ndani ya chumba. Magurudumu yanayoendeshwa na injini huwekwa juu ya magogo ya chuma yanayozunguka, na gari huenda kwa kasi ilhali halisogei hata hatua moja. Mbele yake kuna feni kubwa ya kupoza injini. Dereva hutazama kioo ambacho mchoro wa mwendokasi hupita juu yake, naye hukanyaga mafuta na breki ili aufuate mchoro huo bila kuuacha. Mchoro huo, ambao waweza kuitwa ratiba ya mwendo, umewekwa na serikali, nao ni ule ule kwa magari yote.

Mafuta yaliyotumika hayapimwi kwa chupa. Moshi hukusanywa katika mifuko, kisha hupimwa kiasi cha kaboni kilichomo, hasa katika gesi ya kaboni dioksidi. Kwa kuwa kila chembe ya kaboni iliyotoka nyuma iliingia kwanza kupitia tangi, kiasi cha petroli hupatikana kwa hesabu. Hii ni kanuni ya hifadhi ya maada, ile ile inayofundishwa darasani, nayo yatoa jibu sahihi kuliko chombo cha kupimia mtiririko wa mafuta.

Kwa hiyo upimaji wenyewe ni wa uhakika. Kasoro, kama ipo, imo katika ratiba. Ile ya Japani iliyoipa Prius kilomita 35.5 iliitwa 10-15, nayo ilianza kutumika mwaka 1991. Ilidumu kwa dakika 11, ikapita umbali wa kilomita 4.2 tu, kwa wastani wa kilomita 22.7 kwa saa, na mwendokasi wake haukuzidi 70. Karibu theluthi moja ya muda gari lilikuwa limesimama kama lililo kwenye taa nyekundu. Injini ilikuwa imekwisha kupata joto kabla jaribio halijaanza. Gari la mseto huzima injini yake kila linaposimama, na linapofunga breki hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Ni vigumu kubuni mtihani unaolipendelea gari la namna hiyo kuliko huu, ingawa ratiba yenyewe ilitungwa miaka kadhaa kabla gari hilo halijakuwapo.

Ratiba ya mjini ya Marekani ni ya mwaka 1972, nayo ilinakiliwa kutokana na safari za asubuhi za kwenda kazini katika mji wa Los Angeles. Wastani wake ni kilomita 31.5 kwa saa, na jaribio huanza injini ikiwa baridi. Ratiba ya barabara kuu ina wastani wa karibu kilomita 78 kwa saa. Nayo ratiba ya Ulaya iliyotumika wakati huo, NEDC, ilifika kilomita 120 kwa saa kwa muda mfupi, lakini uanzaji wake ulikuwa wa polepole mno: kutoka kusimama hadi kilomita 50 kwa saa gari lilipewa sekunde 26. Dereva atakayeondoka hivyo kwenye taa za mji wowote atapigiwa honi na daladala zote zilizo nyuma yake.

Petroli huenda wapi?

Ili kuona kwa nini ratiba ina nguvu kubwa hivyo juu ya jibu, yafaa kufuatia nishati yenyewe. Lita moja ya petroli ina nishati ya takribani megajouli 32. Sehemu kubwa hupotea kama joto katika moshi na katika maji ya rejeta, na kwa makadirio yanayofaa darasani yatosha kuchukua kwamba robo moja, yaani megajouli 8, hufika kwenye magurudumu.

Gari lenye tungamo la kilogramu 1,200 likienda kilomita 50 kwa saa, ambayo ni mita 13.9 kwa sekunde, lina nishati mwendo sawa na nusu ya tungamo mara mraba wa mwendokasi. Jibu ni karibu jouli 116,000. Dereva anapofunga breki hadi kusimama, nishati hiyo yote huwa joto la breki na hairudi tena. Kuipata upya huhitaji jouli 116,000 kugawanywa kwa 8,000,000, yaani lita 0.0145. Hicho ni takribani kijiko kimoja cha mezani cha petroli. Kila taa nyekundu, kila tuta na kila mbuzi avukaye barabara ghafla humgharimu dereva kijiko kimoja, na vituo 50 vya namna hiyo katika safari ya asubuhi ni karibu robo tatu ya lita. Ni kijiko hiki ambacho gari la mseto hukiokoa kwa sehemu.

Nje ya mji adui ni mwingine. Kani ya ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendokasi. Gari likitoka kilomita 70 kwa saa likafika 100, kani hiyo huongezeka zaidi ya mara mbili, na kwa kuwa kazi ni kani mara umbali, petroli inayotumika kupasua hewa katika kila kilomita nayo huongezeka vivyo hivyo. Jaribio ambalo halikuvuka kilomita 70 kwa saa haliwezi kumwambia chochote mtu ambaye atalitumia gari lake kati ya Chalinze na Dodoma. Mizigo iliyofungwa juu ya paa humwongezea hasara, maana huukuza uso unaokabili upepo.

Kisha kuna mambo ambayo ratiba za zamani ziliyaacha nje kabisa. Kiyoyozi kilizimwa katika jaribio la Japani na la Ulaya, na hata WLTP, jaribio jipya la Ulaya, hufanyika kikiwa kimezimwa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, upungufu huu ni mkubwa. Vumbi, barabara ya changarawe, matairi yenye upepo pungufu na abiria wanane katika gari la watu watano havimo katika maabara yoyote.

Masahihisho

Wamarekani ndio walioanza mapema kulitatua tatizo hili, kwa sababu walibanwa mapema. Baada ya nchi za Kiarabu kuwawekea vikwazo vya mafuta mwezi Oktoba 1973, sheria ya Desemba 1975 iliweka viwango vya ulaji wa mafuta ambavyo watengenezaji walipaswa kuvifikia, ikadai pia kila gari jipya liuzwe likiwa na kibandiko. Punde malalamiko yakawa mengi kwamba magari hayafikii namba zilizobandikwa. Kuanzia magari ya mwaka 1985, Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya nchi hiyo, EPA, iliamua kupunguza namba ya mjini kwa asilimia 10 na ya barabara kuu kwa asilimia 22 kabla ya kuzitangaza. Huu ulikuwa ukataji wa jumla kama wa fundi cherehani asiyempima mteja, lakini ulikuwa wa kiungwana.

Kuanzia magari ya mwaka 2008 yaliongezwa majaribio matatu: moja la kasi kubwa linalofika karibu kilomita 129 kwa saa, moja katika joto la nyuzi 35 za selisiasi kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, na moja katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Hapo ndipo Prius iliposhushwa kutoka 60 na 51 hadi 48 na 45. Magari ya mseto yalipunguziwa zaidi kuliko mengine, kwa sababu kiyoyozi na baridi huyalazimisha kuwasha injini ambayo ratiba ya zamani iliyaruhusu kuizima.

Ulaya ilichelewa sana, na kisa chake chafaa kufundishwa. Mwaka 2001 ulaji wa mafuta barabarani uliizidi namba ya jaribio kwa chini ya asilimia 10. Kufikia miaka ya 2015 hadi 2017 pengo hilo lilikuwa karibu asilimia 40. Madereva hawakuwa wameharibika kiasi hicho katika miaka kumi na mitano. Kilichotokea ni kwamba kodi za magari katika nchi nyingi zilifungamanishwa na namba za jaribio, na watengenezaji wakajifunza kulitengeneza gari ili lifaulu mtihani. Walimu wa sekondari watautambua ugonjwa huu bila kuelezwa. Ratiba mpya, yaani WLTP, ilianza kutumika kwa aina mpya za magari mwezi Septemba 2017, na kwa magari mapya yote mwaka uliofuata. Ina urefu wa kilomita 23 na hufika kilomita 131 kwa saa.

Japani nayo ilihama kutoka 10-15 kwenda ratiba iitwayo JC08, ambayo huanza kwa sehemu injini ikiwa baridi, na tangu 2018 namba zake hutangazwa kwa WLTC, ratiba ile ile ya mwendo iliyomo katika jaribio la Ulaya, lakini sehemu yake ya kasi kubwa kupita zote imeondolewa. Toleo la tatu la Prius, la mwaka 2009, laonyesha uzito wa mabadiliko haya: aina yake nyepesi ilipata kilomita 38.0 kwa lita kwa ratiba ya 10-15, na 32.6 kwa JC08. Kilomita tano na zaidi zilitoweka kwa kubadilisha mtihani tu.

Siri ya magogo

Limebaki jambo moja la kiufundi ambalo matangazo hayaligusi. Gari lililo juu ya magogo halikabiliani na upepo, wala halina tairi zote nne juu ya lami. Hivyo hapana budi magogo yawekewe ukinzani wa bandia. Ukinzani huo wapaswa kuwa kiasi gani? Hupatikana nje, katika uwanja ulionyooka: gari hupelekwa kwa kasi, huwekwa katika gia huru, kisha huachwa lipunguze mwendo lenyewe huku muda ukipimwa. Likichukua muda mrefu kupungua, ukinzani wake ni mdogo. Matokeo hayo huingizwa katika mashine ya maabara.

Jaribio hili la kuachia gari hufanywa na mtengenezaji mwenyewe, na akikosea hapa, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, maabara yote ya serikali haitagundua kitu, kwa maana itapima kwa uaminifu mkubwa juu ya msingi ulio mbovu. Mwaka 2012 kampuni za Hyundai na Kia zililazimika kushusha namba za magari takribani 900,000 yaliyouzwa Marekani baada ya EPA kugundua kasoro katika data za jaribio la kuachia, na mwaka 2014 zilikubali kulipa faini ya dola milioni 100. Mwezi Aprili 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba data za namna hiyo zilikuwa zimepotoshwa katika magari madogo 625,000, mengi yakiwa yameuzwa kwa jina la Nissan. Waliogundua walikuwa wahandisi wa Nissan, walipoyapima magari hayo wenyewe wakapata majibu yasiyolingana. Baadaye ilibainika kuwa kampuni hiyo ilikuwa ikitumia njia isiyokubalika kisheria tangu mwaka 1991.

Mtego wa kilomita kwa lita

Hata namba ikiwa ya kweli na jaribio likiwa moja, bado yapo makosa ambayo mnunuzi hujitendea mwenyewe. Chukua mfano wa shule ya sekondari yenye magari mawili. Moja ni kubwa la kubebea chakula, kuni na maji, nalo hutumia lita moja kwa kilomita 5. La pili ni dogo la ofisi, linalokwenda kilomita 15 kwa lita. Kila moja hutembea kilomita 10,000 kwa mwaka. Bodi ya shule ina fedha za kubadilisha gari moja tu. Fundi asema lipo gari kubwa jingine la kilomita 6 kwa lita, na lipo dogo jingine la kilomita 20 kwa lita. Libadilishwe lipi?

Wajumbe wengi watalinyoshea mkono gari dogo. Hilo laongeza kilomita tano kwa lita, ilhali kubwa laongeza moja tu. Lakini fedha hulipwa kwa lita, na lita ndizo zinazopaswa kuhesabiwa. Gari dogo lilikuwa likitumia lita 667 kwa mwaka, na jipya litatumia 500, kwa hiyo litaokoa lita 167. Gari kubwa lilikuwa likitumia lita 2,000, na jipya litatumia 1,667. Hilo litaokoa lita 333, ambazo ni mara mbili. Kwa hakika, hata kama lingepatikana gari dogo la ajabu lenye kwenda kilomita 30 kwa lita, yaani mara mbili ya lile la zamani, akiba yake ingekuwa lita 333 tu, sawasawa na ile ya gari kubwa lililotoka 5 likaenda 6.

Kosa hili si la watu wasiosoma. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba watu hulifanya kwa kawaida, kwa kudhani kuwa akiba ya mafuta hupanda sambamba na maili kwa galoni. Waliwapa watu maswali yale yale kwa kipimo kilichogeuzwa, galoni kwa umbali, na wengi wakajibu vizuri. Tangu magari ya mwaka 2013 kibandiko cha Marekani kimeongezewa namba ya galoni kwa maili 100. Japani, ambako ndiko hutoka magari mengi ya Afrika Mashariki, bado hutangaza kilomita kwa lita, na ndivyo wasemavyo madereva wa Tanzania na Kenya pia.

Wastani nao una mtego wake. Mhasibu wa shule ile akitaka kujua wastani wa magari yake mawili atashawishika kujumlisha 5 na 15 kisha kugawanya kwa mbili, apate 10. Lakini magari yametembea jumla ya kilomita 20,000 kwa lita 2,667, na jibu sahihi ni kilomita 7.5 kwa lita. Akipanga bajeti kwa wastani wa 10 atatenga lita 2,000, na mafuta yatakwisha kabla ya mwezi wa Oktoba.

Kwa mnunuzi wa gari lililotumika

Japani huendesha magari upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania, Kenya na Uganda, na ndiyo sababu magari yake yaliyokwisha kutumika huletwa kwa wingi katika nchi hizi. Tangazo la muuzaji aghalabu huwa na namba ya kilomita kwa lita pasipo kutaja ratiba. Mwaka wa kutengenezwa husaidia kukisia. Gari la kabla ya 2011 kwa kawaida hubeba namba ya 10-15. La kati ya 2011 na 2018 hubeba ya JC08, na la baadaye hubeba ya WLTC. Nchini Kenya, ambako hairuhusiwi kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, mnunuzi atakutana zaidi na ratiba za mwishoni. Nchini Tanzania, ambako magari ya umri mkubwa bado yapo mengi, mtu aweza kukuta katika uwanja mmoja magari matatu yenye namba za ratiba tatu, na lile lenye namba kubwa kuliko yote likawa ndilo lililopimwa kwa mtihani mwepesi kuliko yote. Kulinganisha kwa haki ni kulinganisha namba za ratiba moja. Zikiwa ni za ratiba mbalimbali, ni heri kutafuta namba za aina hiyo ya gari huko Marekani, iwapo liliuzwa huko, kwa kuwa hizo zimekatwa zaidi kuelekea hali ya barabarani.

Namba ya gari lililokwisha kununuliwa, hata hivyo, haina haja ya kuagizwa ng'ambo. Wanafunzi waweza kuipata wenyewe kwa gari la shule. Tangi hujazwa mpaka bomba la kituo likatike lenyewe, na kilomita zilizo kwenye dashibodi huandikwa. Gari hutumiwa kwa kazi zake za kawaida mpaka tangi likaribie kuisha, kisha hujazwa tena katika kituo kile kile, kwenye bomba lile lile, likiwa limesimama mahali pale pale. Kiasi kilichoingia mara ya pili ndicho kilichotumika. Gari likiwa limetembea kilomita 412 na kupokea lita 36.5, ulaji wake ni kilomita 11.3 kwa lita, au lita 8.9 kwa kilomita 100. Bomba likikatika mapema au likichelewa kwa lita moja, kosa ni chini ya asilimia 3. Jaribio hilo hilo likifanywa kwa kilomita 56 na lita 5, kosa la lita moja ni asilimia 20, na jibu halifai kitu. Vipimo vitatu au vinne mfululizo, masika na kiangazi, vitaonyesha pia ni kiasi gani barabara ya tope hula.

Kabla ya kuandika jibu, yapasa kuyatazama matairi. Kipimaumbali cha gari huhesabu mizunguko ya gurudumu, hakioni barabara. Gari likiwa limevikwa matairi yenye mzingo uliozidi ule wa kiwandani kwa asilimia 5, kilomita 412 zilizoandikwa kwenye dashibodi ni kilomita 433 za barabarani, na ulaji wa kweli ni kilomita 11.9 kwa lita.